Vidole Vinne Kupita Mstari

Vega, 11 Oktoba 1998

Mwanangu Eldar,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu siiwezi, unajua. Ukiniambia "hamna neno, mama" kwenye simu, baba yako anakuwa amekaa palepale ananiangalia mdomo, nami nashindwa kuuliza ninachotaka. Kwenye barua naweza. Basi nauliza: vidole vyako vikoje?

Usinicheke. Ulipokuja Julai kutusaidia kukata nyasi niliviona. Ulishika kikombe cha kahawa kwa viganja viwili kama mzee, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Julai, Eldar. Ulisema ni kawaida ya wazamiaji wote wanaookota kombe za baharini huko kwenu Frøya. Mimi sikusoma, shule yetu ilikuwa siku moja ndiyo na siku moja hapana, na ile ya ndiyo mara nyingi ilinikuta kwenye shamba la viazi. Lakini nimekata samaki kiwandani miaka thelathini na mkono uliokufa ganzi naujua. Daktari alikwambia nini hasa? Uliniambia amesema uvae vizuri. Daktari hamwiti mtu hadi Trondheim kumwambia avae vizuri.

Nimeshakata manyoya ya kondoo wote kumi na wanne. Ya yule jike mzee mweupe ni laini mwaka huu, ukiyashika unataka kulala. Nataka kukufumia glavu za baharini kama nilizokuwa namfumia baba yako. Yeye anasema nisihangaike: "Huyo siku hizi anavaa mipira mwili mzima, sufu ataiweka wapi?" Nikamwambia wewe umevaa sufu yangu miaka arobaini, ukaichovya baharini, ukaikamua, ukaivaa tena, na vidole kumi unavyo, nyamaza.

Niambie nifume za namna gani. Na unakula? Kombe zote mnawapelekea matajiri wa Oslo, halafu wewe jioni unakaa na mkate na jibini. Nakujua.

Mama yako,
Solfrid


Mausund, 20 Oktoba 1998

Mama,

Vidole vipo vyote kumi, nimevihesabu mbele ya Arnstein awe shahidi. Anakusalimu. Bado anavaa zile soksi ulizompa, na bado kazi yetu ni ileile: mimi nachukua kombe chini, yeye yuko juu kwenye boti anafuata mapovu yangu na kulalamika.

Haya, nikwambie lote. Daktari alisema nikipata baridi nyingine kama ya mwaka jana, hivyo vidole viwili vitabaki vya kuonyesha watu tu, na kazi ya kuzamia nitaiacha. Sitaki kuiacha, mama. Sijui kazi nyingine. Kwa hiyo zile glavu za zamani zilizokuwa zinalowa nimezitupa, nimenunua glavu kavu.

Mweleze na baba. Nguo yangu ya kuzamia haiingizi maji, hilo mnalijua. Mwisho wa kila mkono wa nguo kuna kola ya mpira mwembamba inayobana kifundo. Sasa hapo nimefunga bangili ngumu ya plastiki, na glavu ya mpira nayo ina bangili yake. Unazikandamiza pamoja, zinalia tak, mkono unakaa mkavu hadi jioni. Sufu inavaliwa ndani ya mpira. Mwambie mzee huko ndiko nitakakoiweka.

Dukani walikuwa na aina tatu. Za njano ni nyepesi, unaokota hata sindano nazo, lakini ukingo wa kombe ni kisu, zisingemaliza wiki. Za rangi ya chungwa ni nene mno, ukizivaa ngumi haikunjiki. Nikachukua za bluu, zilezile ulizokuwa unavaa kiwandani, ila namba moja kubwa kuliko mkono wangu ili sufu ipate nafasi. Sufu ikibanwa haina joto. Nimezijaribu kwenye ndoo ya maji nikitafuta mapovu. Arnstein akapita akasema, "Unafua soksi zangu? Asante."

Nimechora mkono wangu kwenye karatasi ya pili. Fuma kipimo hichohicho, zenye vidole vitano. Usifume kubwa kama za baba, maana hizi hazitaguswa na maji, kwa hiyo hazitarudi zikawa ndogo. Na ule mstari niliopiga penye kifundo ndio mwisho. Kola ya mpira lazima ishike ngozi tupu. Usivuke mstari, mama.

Nakula. Jana samaki, juzi samaki.

Eldar


Vega, 8 Novemba 1998

Mwanangu Eldar,

Karatasi ya mkono wako niliibandika ukutani karibu na jiko ili niitazame nikifuma. Siku moja baba yako alipita akaweka mkono wake juu yake, akapima. Wako mkubwa. Kahawa yake siku hiyo ilipoa mezani.

Humu nimetia jozi mbili. Sufu ni ya yule jike mweupe. Ndani ya uzi nimesokota nywele zangu kidogo, nilizokuwa naokota kwenye kitana tangu masika, kama mama yangu alivyofanya na mama yake. Uzi wenye nywele haukatiki. Baba yako anasema sasa utakuwa unashikwa mkono na mama yako hadi chini ya bahari, mbele za watu. Mwache.

Sasa kuhusu mstari. Nimeuona, si kwamba sikuuona. Nimekaa nao siku tatu. Ngozi tupu, Eldar? Mwezi wa Januari? Tena penye mshipa, ambapo damu yote inapita kwenda vidoleni? Nani alikufundisha? Baridi haianzii kwenye ncha za vidole, inaanzia kifundoni, mtoto yeyote wa hapa anajua. Nikawaza, nikaona umenihurumia. Uliniona Julai nikisogeza sindano karibu na pua, ukajiambia mama amechoka macho, nimpunguzie kazi. Wewe ndivyo ulivyo tangu mdogo, ulikuwa unasema umeshiba ili dada yako amalizie.

Basi nimeongeza vidole vinne kupita mstari. Vidole vyangu, si vyako. Nimefuma mbili juu mbili chini ili shingo ya glavu ikumbatie mkono isiteleze. Zivae siku moja tu utaniambia.

Kama ipo sababu nyingine ya ule mstari, niandikie. Usiponiandikia nitajua nimefanya vizuri.

Mama yako,
Solfrid


Mausund, 24 Novemba 1998

Mama,

Nimeshuka na glavu zako siku sita. Nimekaa chini dakika hamsini, maji yana nyuzijoto sita, nikapanda na vidole vyekundu. Vyekundu, mama. Nilimwonyesha Arnstein akasema vinafanana na soseji za watoto.

Na kuna jambo hukulijua. Mwezi uliopita kila nikifika mita ishirini glavu zilikuwa zinaninyonya mikono kama ndama anavyonyonya kidole, kwa sababu hewa ya ndani inasinyaa na nyingine haiwezi kupita kwenye kola. Wenzangu huchomeka kipande cha bomba jembamba chini ya kola ili hewa ya kwenye nguo iingie glavuni. Sasa shingo yako ndefu imepita chini ya kola, na hewa inapita ndani ya sufu yenyewe. Hakuna kunyonywa. Umefanya kazi ya bomba, nawe umekaa jikoni Vega.

Arnstein ananung'unika kuhusu ile shingo, lakini Arnstein hunung'unikia hata jua likitoka. Mkewe Torunn amezipenda. Anaomba umwandikie hesabu ya vitanzi, maana wazamiaji wengine wa gati wameziona na wanamsumbua.

Krismasi nakuja, boti ya tarehe 22. Mwambie baba asichinje kondoo kabla sijafika, mara ya mwisho alikata vibaya.

Eldar


Vega, 6 Desemba 1998

Mwanangu Eldar,

Barua yako nimemsomea baba yako mara mbili. Ya pili aliiomba mwenyewe.

Hesabu ya vitanzi ya Torunn iko kwenye karatasi ya bluu. Sijawahi kumwandikia mtu mafundisho ya kitu, nilifuta mara nyingi, utamwomba radhi kwa mwandiko. Nimeweka wazi kwamba ile shingo asiipunguze hata kama mumewe atasema. Vidole vinne, nimeandika, na chini yake nimepiga mstari.

Tangu Julai sijalala hivi. Nafunga macho naviona vile vidole vyekundu, nalala.

Nyota ya Krismasi ya dirishani nimeshaiwasha. Njoo.

Mama yako,
Solfrid


Vega, 31 Januari 1999

Arnstein,

Nikuite mwanangu, kwa sababu ulishika jeneza la Eldar mbele upande wa kulia, na kwenye barafu ya makaburini ulikuwa unatazama miguu ya mume wangu Hilmar kuliko yako. Niliona. Sikukushukuru siku ile, nakushukuru leo.

Leo siku ya kumi na mbili tangu tumzike, ya kumi na nane tangu ile tarehe kumi na tatu. Watu wameacha kuleta keki. Nafuu, maana nina swali, na mbele ya watu siwezi kuuliza, na mbele ya simu siwezi kwa sababu Hilmar amehamishia kiti chake pale.

Polisi walipiga simu. Walimwambia Hilmar glavu ya kulia ilichanika penye kiganja, na maji yakaingia kwenye nguo, na nguo ikajaa. Hilmar aliyarudia hayo mezani kama mtu anayesoma habari ya mtu mwingine. Mimi nimeyashika moja moja. Glavu ilichanika, sawa, kombe ni kisu, Eldar aliniambia. Lakini aliniambia pia kwamba ndani ya glavu kuna kola ya mpira inayobana kifundo. Kama kola ilibana, maji yangekaa mkononi tu. Angepata baridi ya mkono, angepanda, mngemtukana kidogo, mkarudi nyumbani.

Maji yalipitaje kwenye kola, Arnstein?

Alipiga mstari kwenye karatasi. Alisema kola ishike ngozi tupu. Nilidhani ananihurumia. Karatasi bado iko ukutani, nimeigeuza uso.

Siku ile alikuwa amevaa glavu zangu? Nijibu ndiyo au siyo, mengine yatafuata.

Solfrid


Mausund, 8 Februari 1999

Mama Solfrid,

Siyo.

Siku ile alivaa za dukani, nyeusi, nyembamba. Zako alikuwa amezifua, zikabaki kwenye mfuko ndani ya boti. Kola ya mpira ya mkono wa kulia ilikuwa imezeeka, nadhani ilipasuka. Mpira hupasuka wenyewe, hauulizi mtu. Hakuna aliyekosea, hasa wewe.

Eldar alikuwa akijisifia glavu zako gatini hadi watu wakachoka. Nakuomba ulale. Torunn anasema atakuletea samaki waliokaushwa masika yakifika, na mimi nitakuja kumsaidia Hilmar kukata nyasi.

Arnstein


Vega, 21 Februari 1999

Arnstein mwanangu,

Barua yako iliniliza, kisha nikalala. Siku tisa nililala. Nilimpikia Hilmar kondoo na kabichi, akala, na mimi nikala. Hizo siku tisa umenipa wewe, na sitazisahau.

Alhamisi boksi la vitu vyake limefika kutoka polisi. Saa, kisu, pete ya mpira ya kushikia funguo, na glavu zangu jozi moja kwenye mfuko wa plastiki.

Mimi nimelelewa na sufu. Nisichokijua ni vitabu. Sufu iliyoingia baharini ikakaushwa penye moto hurudi, inakuwa fupi na ngumu, na nyuzi zake zinashikana usizione tena. Za Hilmar nilikuwa nazifuma kubwa makusudi ili bahari izirudishe ziwe saizi yake. Nimezilaza hizi za Eldar mezani mbili pamoja. Ya kushoto vidole ni vilevile nilivyovifuma, shingoni tu ndiyo imekakamaa kidogo. Ya kulia imerudi yote. Imepungua upana wa kidole kizima. Ningetaka kujidanganya, kwa hiyo nimeionja. Ni chumvi ya bahari kuanzia ncha ya vidole hadi mwisho wa shingo, vile vinne vyangu vyote. Ya kushoto vidoleni ina harufu yake tu.

Za kwenye mfuko wa boti hazingekuwa hivyo. Ungekuwa umemdanganya mwenye shule ungefaulu.

Sikukasirikii. Ningekuwa wewe ningeandika hivyohivyo, tena kwa maneno mengi zaidi. Lakini sasa niandikie ilivyokuwa. Usiniruke, usinipe nusu. Kisha nijibu na hili, ndilo linalonitoa kitandani tangu Alhamisi: kutoka kwenye ile karatasi yangu ya bluu, Torunn amefuma jozi ngapi? Na ziko mikononi mwa nani leo?

Solfrid


Mausund, 28 Februari 1999

Mama Solfrid,

Nimeanza barua hii mara nne. Torunn amekaa mbele yangu ili nisiichane.

Glavu zako zilipofika nilimwambia Eldar, "Kata hizo shingo." Nikamwambia bomba au sufu, yote ni mlango; kinachopitisha hewa siku njema kitapitisha maji siku mbaya. Alijua. Ndiyo maana alikupigia ule mstari. Nikamuuliza kwa nini hakukuandikia sababu, akasema, "Nikimwandikia mama neno maji yataingia, hatalala mpaka masika." Nikamwambia basi kata bila kumwambia. Akazigeuza mkononi, akasema, "Amezifuma na macho yale, halafu mimi nichukue mkasi?"

Kisha akashuka nazo, akapanda na vidole vyekundu, na hazikumnyonya, na siku ya pili vivyo hivyo, na ya kumi. Nikaacha kunung'unika. Torunn akanifumia na mimi. Nilikuwa nimezivaa siku ile, mama, hapo juu ya boti, nikijisikia vizuri.

Alikuwa mita kumi na nane. Palikuwa na waya wa wavu wa zamani kwenye mchanga, ulichana kiganja. Maji yalipanda kwenye sufu yakaingia mkononi, kifuani, miguuni. Alifika juu. Nataka ujue kwamba alifika juu kwa nguvu zake. Alinipungia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unaning'inia. Mkanda wa risasi, ule uzito wa kutuzamisha, hufunguliwa kwa mkono wa kulia, ndivyo unavyofungwa, ndivyo sote tulivyojifunza. Nilimwona akijaribu, vidole havikushika. Nguo imejaa, risasi kiunoni, mfuko wa kombe umefungwa kwake. Nilikuwa mbali kiasi cha kutoka kwako hadi zizini. Nilipogeuza boti hakuwepo tena. Nilimpata baada ya dakika ishirini na mbili.

Ulisema nisikupe nusu.

Mbali na zangu jozi ni tisa, nyingine alifuma Torunn, nyingine wake na mama zao kwa karatasi hiyohiyo. Wanaume sita wa gati hili, na wawili wa kisiwa cha Hitra walioagiza kwa simu. Mmoja ana jozi mbili. Zangu nilizikata jioni ileile nikazitia jikoni kwenye moto. Wengine sijawaambia. Nikisema kateni wataniuliza kwa nini, na nikiwajibu, habari itapanda boti itafika Vega kabla ya barua yoyote. Wote wanadhani kola ilipasuka, kama nilivyokuandikia. Nilijiambia ningoje hadi masika, wewe upate nguvu. Kila asubuhi nawaona wanashuka nazo, nahesabu wanaopanda.

Arnstein


Vega, 4 Machi 1999

Torunn mwanangu,

Mimi na wewe hatujaonana ila makaburini, na siku ile sikuona watu. Tunajuana kwa hesabu ya vitanzi tu. Nakuomba kazi moja. Barua hii isome kwa sauti gatini wakiwepo wote, wawili wa Hitra uwasomee kwa simu leoleo, kisha ibandike dukani karibu na mizani ya posta. Makosa ya kuandika yaache kama yalivyo.

Mimi ni Solfrid, mama wa Eldar. Kola yake haikupasuka. Hilo mliambiwa kwa ajili yangu. Zile glavu za sufu zenye shingo ndefu ni kazi yangu, na ule urefu ni kosa langu. Eldar alichora mkono wake, akapiga mstari penye kifundo, akaniandikia nisivuke. Nilivuka vidole vinne, kwa sababu nilidhani naijua baridi kuliko yeye. Baridi naijua. Nisichokijua ni mpira na hewa na maji ya mita ishirini. Sufu ikipita chini ya kola, siku glavu ikichanika maji yanaifuata kama mafuta yanavyofuata utambi, yanapanda mkono hadi kwenye nguo, na mkono ukishakufa ganzi hauwezi kufungua mkanda. Ndivyo ilivyokuwa tarehe kumi na tatu Januari. Nimeuona ushahidi kwenye sufu yenyewe, na Arnstein amenithibitishia. Asiulizwe na mtu yeyote kwa nini alinyamaza. Alinibebea mzigo, na mikono yake imechoka.

Nyie wanaume mnaosikiliza, mna mama zenu. Waambieni sababu. Mama mwenye hofu akipewa nusu, nusu ya pili anaifuma mwenyewe. Wangu alinificha ili nilale. Ningekosa usingizi mpaka masika, kweli, ningekuwa nimekaa macho, naye angekuwa hai.

Sikuandika haya kabla ya kumwambia mume wangu. Alikuwa anamenya viazi. Nilimwambia lote, na ile karatasi ya mkono nikaigeuza aione. Aliendelea kumenya. Viazi vilipokwisha akaosha kisu, akauliza, "Wangapi wanazivaa?" Nikamwambia wanane. Akakaa. Halafu akasema, "Boti ya posta inaondoka saa saba. Andika, nitaipeleka mimi." Na kweli ameshavaa koti, amesimama mlangoni, viatu vinachuruza maji sakafuni na sijamwambia kitu.

Kukata ni hivi. Mwenye glavu avae, apinde mkono, mahali mfupa wa kifundo unapojitokeza weka alama chini yake, upande wa vidole. Pitisha uzi wa pamba kuzunguka mara mbili penye alama, uvute sawasawa, ufunge. Kisha kata juu ya uzi, upande wa kiwiko. Haitafumuka. Kola ikivaliwa ishike ngozi pande zote, pitisha kidole kuzunguka uhakikishe hapana hata unywele. Mkono utanyonywa kidogo wakishuka. Na wanyonywe.

Ninyi mliozifuma msione haya, mlifuma nilivyowaandikia.

Na atakayesita, akasema ni kazi ya mama yake au ya mkewe, amezifuma kwa macho mabovu, hawezi kuzitia mkasi, mwambie kwamba Eldar naye alisema maneno hayohayo. Kisha mshike mkono, ukate wewe.

Solfrid